Shehena Iliyoshika Usukani: Gari Moshi la Gwaride na Kumbukumbu ya Vita

Kumbukumbu ya vita ina njia mbili kongwe katika sanaa. Njia ya kwanza ni ya jiwe na shaba: huchongwa sanamu, ikasimamishwa njia panda, yakaandikwa majina chini yake, na watu wakapita wameinamisha vichwa. Njia ya pili ni ya mwendo na sauti: ngoma, gwaride, utenzi unaoghaniwa mbele ya hadhira. Jiwe hudumu, lakini husema neno lile lile kila siku. Ngoma husema mengi, lakini haina maisha ila pale kizazi kipya kinapokubali kuicheza. Nchini Marekani kipo chombo kimoja kilichojaribu kukaa baina ya njia hizi mbili. Waliokiunda hawakudai kuwa wanafanya sanaa. Walidai kuwa wanafanya mzaha. Ndiyo maana kinastahiki kuangaliwa kwa jicho la uhakiki, kwani mara nyingi jamii husema kwa mzaha yale ambayo ulimi mkavu hauyawezi.

Chombo hicho ni gari moshi la bandia linalotembea barabarani. Siku za sikukuu, hasa tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa nchi hiyo, na tarehe 11 Novemba, siku ya askari wa zamani, hupita mitaani katika msafara mmoja na bendi za shule na magari ya zimamoto. Kwa mbali ni gari moshi kamili: pipa refu la mvuke, dohani mbele, kengele juu, taa kubwa kifuani, na chumba cha dereva nyuma. Kwa karibu uongo wake hudhihirika. Chini ya pipa mna fremu na injini ya lori. Magurudumu ya chuma ni pambo tu, na kinachobeba uzito ni matairi ya mpira. Ndani ya chumba cha dereva mna usukani, kitu ambacho gari moshi la kweli halina haja nacho, kwa sababu reli ndiyo inayoamua liende wapi. Nyuma yake aghalabu hufuata behewa la mbao, na ubavuni mwake zimeandikwa tarakimu mbili: 40 na 8. Wazee waliovaa kofia za chama chao huchungulia nje, hupiga kengele na honi, huwapungia mkono waliosimama kando ya njia, na huwarushia watoto peremende.

Wazee hao ni wanachama wa jumuiya yenye jina la Kifaransa, La Société des Quarante Hommes et Huit Chevaux, yaani Jumuiya ya Watu Arobaini na Farasi Wanane. Iliasisiwa Philadelphia mwaka 1920 na kikundi cha wanachama wa American Legion, chama kikubwa cha askari wa zamani kilichozaliwa Paris mwaka mmoja kabla. Swali la makala haya ni moja: chombo hiki kinasema nini, na kinamsemea nani?

Shairi la tarakimu mbili

Askari wa Marekani waliofika Ufaransa mwaka 1917 na 1918 walishushwa katika bandari kama vile Brest na Saint-Nazaire, kisha wakapelekwa mashariki, kwenye medani ya vita, ndani ya mabehewa ya mizigo ya reli za Ufaransa. Ubavuni mwa kila behewa yalikuwapo maandishi: HOMMES 40, na chini yake, CHEVAUX (en long) 8. Maana yake ni watu 40, farasi 8 kwa urefu. Hayakuandikwa kumtukana mtu. Yalikuwa maelekezo ya karani kwa mpakiaji, na yalikuwapo kabla Wamarekani hawajawaza kuvuka bahari kwenda kupigana.

Hata hivyo, mwenye sikio la ushairi hawezi kuyapita kimya. Kwanza kuna mlingano: watu watano ni sawa na farasi mmoja. Pili kuna mpangilio: mtu na mnyama wamewekwa katika safu moja, kama vipande viwili vya mshororo mmoja. Tatu, na hili ndilo kali kuliko yote, kuna neno lililomo ndani ya mabano. Karani aliona haja ya kueleza namna farasi watakavyosimama, yaani kwa kufuata urefu wa behewa. Hakuona haja ya kueleza namna watu watakavyokaa. Farasi akipangwa vibaya hupiga mateke, akavunjika mguu, na serikali ikapata hasara. Mtu atajipanga mwenyewe.

Hesabu inaeleza yaliyobaki. Behewa lilikuwa na urefu wa mita 6 na kitu, na upana wa mita 2 na nusu hivi, jumla mita za mraba 16. Wakiingia humo watu 40 pamoja na bunduki, mablanketi na mifuko yao, kila mmoja hupata pungufu ya nusu mita ya mraba. Hawawezi kulala wote kwa wakati mmoja. Safari iliweza kuchukua siku mbili tatu, kwa mwendo wa kusitasita, sakafuni majani makavu, na hewani harufu ya wasafiri wanane waliotangulia.

Kiswahili kina neno moja, mizani, kwa mambo mawili: hesabu ya silabi za mshororo, na chombo cha kupimia uzito wa bidhaa. Maandishi yale ya behewani yana mizani kwa maana zote mbili, na hapo ndipo ilipo siri ya nguvu yake. Askari waliorudi makwao walikuwa wamesikia hotuba nyingi juu ya ushujaa na uhuru. Walipotaka kujipa jina, hawakuchagua neno lolote la hotuba hizo. Walichagua tarakimu za karani. Walijua kuwa humo ndimo ulimoandikwa ukweli wao: kwamba katika vita vya zama za mashine mtu alihesabiwa kama shehena. Na walijua pia kuwa shehena ikijitangaza yenyewe kuwa ni shehena, imekwisha kuwa kitu kingine.

Mtu wa behewani na mtu wa usukani

Jambo la kustaajabisha katika fani ya chombo hiki ni kwamba si mwigo wa kile ambacho askari alikiona. Aliyefungiwa ndani ya behewa la mizigo huona mbao, migongo ya wenzake, na kipande cha mashamba mlango unapoachwa wazi. Kichwa cha gari moshi hakioni. Hukisikia tu, kikipiga filimbi mbele, mahali ambapo yeye hana amri wala habari. Lau wanachama wa jumuiya hiyo wangetaka kuiga tajriba yao kwa uaminifu, wangejenga behewa peke yake, wakajifungia ndani, na hadhira isingewaona.

Badala yake walijenga kichwa, tena wakakiweka mbele. Wakatia usukani. Wakakitoa kwenye reli. Mambo haya matatu yanaweza kuelezwa kwa sababu za kawaida kabisa: chombo kisichojiendesha hakifai kwa gwaride, na mtaa wa mji mdogo hauna reli. Lakini kazi ya sanaa haifungwi na sababu za fundi wake. Kilichofanyika ni kwamba mtu aliyebebwa amekuwa dereva, na chombo kilichompeleka asikotaka sasa kinakata kona apendapo, kinasimama apendapo, na hata kurudi nyuma. Reli ni amri iliyolazwa chini. Barabara ni hiari. Shehena imeshika usukani. Hiyo ndiyo sitiari kuu ya chombo hiki, na ni sitiari nzuri kwa sababu haikutafutwa.

Msomaji wa Unguja anaweza kulipima jambo hili kwa kumbukumbu ya mji wake. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ndogo ya kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi, na treni ikawa inapita katikati ya mtaa, karibu sana na milango ya watu. Reli hiyo ilikufa katika miaka ya 1920. Mgongano wa chombo kikubwa cha chuma na njia nyembamba ya watu huleta hofu na kicheko kwa pamoja. Gari moshi la gwaride hufanya kazi yake palepale, ila limeondoa hofu na kubakiza kicheko.

Hapo pia ndipo udhaifu wake unapoanzia. Kichwa cha gari moshi ni kitu cha kupendeza. Kina kengele, kina filimbi, na mtoto yeyote atakikimbilia. Behewa halina la kupendeza. Katika msafara, macho ya watu hukaa mbele, na tarakimu zilizobeba maana yote hupita nyuma, zikasomwa na wachache. Ukumbi wote hushangilia injini ilhali shairi limo ubavuni mwa behewa. Huu ni upungufu wa fani, na hauwezi kufichwa na wingi wa makofi.

Cheo cha kuchezea

Mwigo haukuishia kwenye chuma. Jumuiya ilijijengea serikali nzima ya dhihaka kwa lugha ya reli za Ufaransa. Tawi la mahali huitwa Voiture, yaani gari. Kiongozi wa taifa ni Chef de Chemin de Fer, mkuu wa njia ya reli, na kiongozi wa tawi ni Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Mwanachama ni Voyageur, msafiri. Mkutano mkuu wa mwaka huitwa Promenade, matembezi. Wengi wa waliobeba vyeo hivyo walikuwa wakulima, wauza maduka na mafundi ambao Kifaransa chao hakikuzidi maneno ya kuombea mkate na mvinyo.

Pwani ya Afrika Mashariki haina haja ya kuelezwa mchezo huu mara mbili. Katika miaka ile ile, beni ilikuwa imeenea kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja, Tanga, Dar es Salaam na bara. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii za Afrika Mashariki, ameonyesha namna vyama vya beni vilivyochukua bendi, sare, gwaride na vyeo vya jeshi na kuvifanya vyao. Walikuwapo Marini, walikuwapo Arinoti. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake wenye majina ya kijeshi na ya kifalme, na ushindani wao uliwafilisi baadhi ya wafuasi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliisambaza ngoma hiyo mbali zaidi, kwa miguu ya askari na wapagazi.

Kufanana kwa mambo haya mawili si kwa kuigana, kwani hapana dalili kuwa Philadelphia na Mombasa zilijuana katika hili. Kunatokana na hali moja. Jeshi la kisasa humfundisha mtu kuwa kuna anayeamrisha na kuna anayeamrishwa, na humpa wa pili sare, hatua na sauti ya tarumbeta ili asahau kuwa ni wa pili. Vita vikiisha, huondoka na mafunzo hayo. Aliyeamrishwa anaporudi mtaani kwake akajiita Kingi au Chef de Gare, anakitoa cheo kwenye mikono ya wenyewe na kukipitisha hadharani ili watu waone kuwa kinaweza kuvaliwa na yeyote. Wakoloni walibishana sana kama beni ilikuwa kejeli dhidi yao au mapenzi juu yao. Ubishi ule ulikosa shabaha. Mwigo mzuri huwa ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na haulazimiki kuchagua.

Tofauti ipo, nayo ni nzito. Mcheza beni aliiga cheo ambacho sheria ya nchi yake isingempa kamwe. Mwanachama wa jumuiya ya Marekani aliiga stesheni ya nchi ya kigeni, kisha akarudi katika nchi ambayo mlango wa cheo cha kweli ulikuwa wazi kwake. Mzaha wa wa kwanza ulikuwa na hatari. Mzaha wa wa pili ulikuwa na starehe. Na starehe hiyo iliwekewa mlinzi mlangoni.

Waliobaki stesheni

Maandishi ya behewani hayakutaja rangi. Yalisema watu 40. Katiba ya jumuiya iliyozaliwa na maandishi hayo ilitaja rangi: kwa zaidi ya miaka 50 uanachama ulikuwa wa watu weupe tu. Kipengele hicho kiliifikisha jumuiya kwenye mgogoro na American Legion, na katika miaka ya 1959 na 1960 vyama hivyo viwili vikatengana. Legion yenyewe haikuwa na mikono safi, kwani katika majimbo ya kusini matawi yake mengi yaliwatenga weusi na weupe. Hata hivyo, iliona kuwa jambo hilo haliwezi tena kubebwa hadharani. Jumuiya ilikiondoa kipengele hicho katika miaka ya 1970.

Mhakiki anayesifu sitiari ya shehena iliyoshika usukani hana budi kuuliza ni shehena ipi iliyoruhusiwa kuushika. Wamarekani weusi wapatao 380,000 walilitumikia jeshi katika vita vile, na 200,000 hivi walipelekwa Ulaya. Wengi wao hawakupewa bunduki. Walipewa kazi za uchukuzi: kushusha meli, kutengeneza barabara, kulaza reli. Kikosi cha 369 cha New York, ambacho baadaye kilipata sifa kubwa, kiliposhuka Ufaransa kilipelekwa kwanza Saint-Nazaire kufanya kazi ya vibarua vya reli, kabla ya kukabidhiwa kwa jeshi la Ufaransa na kukaa mstari wa mbele siku 191. Kwa maneno mengine, baadhi ya njia ambazo juu yake mabehewa yale yalipita zililazwa na watu ambao hawakukubaliwa kuingia katika kumbukumbu ya mabehewa hayo.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi hicho kilifanya gwaride lake katika Fifth Avenue ya New York, kikitanguliwa na bendi ya James Reese Europe. Hakikuwa na gari moshi la bandia wala cheo cha mzaha. Kilitembea kwa mpangilio mnene wa jeshi la Ufaransa, safu pana, bega kwa bega, na uzito wa gwaride lile ulikuwa katika ukweli wake. Tofauti ya magwaride haya mawili ni somo la fani. Anayetambuliwa na jamii kuwa mtu anaweza kumudu mzaha. Anayeshukiwa utu wake hutembea wima bila kucheka, kwa sababu watazamaji wanasubiri kumcheka wao.

Hili haliliondolei gari moshi la gwaride thamani yake, lakini linaishusha sauti yake. Mzaha uliosema kuwa vita huwafanya watu wote kuwa shehena ulikuwa kweli. Uliposema kuwa waliobebwa pamoja ni ndugu, ulisema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki uliiacha stesheni.

Behewa lililoongezewa maana

Alama haikai pale ilipowekwa na wenyewe. Kati ya mwaka 1942 na 1944 Wayahudi wapatao 76,000 waliondoshwa Ufaransa kupelekwa kwenye kambi za Wanazi, hasa Auschwitz, wengi wao ndani ya mabehewa ya mizigo ya aina hii hii. Waliorudi hawakufika 3,000. Huko Drancy, kando ya Paris, mahali walipokuwa wakikusanywa, behewa moja la aina hiyo limewekwa kuwa kumbukumbu. Maandishi ni yale yale. Anayeyasoma hapo haoni mzaha wowote, na hesabu ya watu 40 humwonekea kuwa ya huruma, kwani waliopakiwa walikuwa wengi zaidi ya hao.

Kisha mwaka 1949 behewa hilo likabeba maana ya tatu. Miaka miwili kabla, Wamarekani walikuwa wamekusanya chakula kwa treni iliyozunguka nchi yao na kukipeleka Ufaransa na Italia zilizoumizwa na vita. Mfanyakazi wa reli wa Ufaransa, André Picard, aliyekuwa askari wa zamani, alitoa wazo la kurudisha shukrani. Mnamo Februari 1949 meli iitwayo Magellan iliingia New York ikiwa na mabehewa 49 ya 40 na 8, yamejaa zawadi za watu wa kawaida. Majimbo 48 ya wakati huo yalipata behewa moja moja, na la 49 likagawiwa baina ya Washington na Hawaii. Katika majimbo mengi wanachama wa jumuiya ndio waliojitolea kuyatunza.

Chombo cha gwaride kwa hiyo kina kivuli kirefu kuliko kinavyojua. Anayepuliza honi mtaani anapuliza kwa niaba ya askari wa mwaka 1918 aliyebanwa na wenzake, lakini nyuma yake kuna familia ya mwaka 1942 na kuna zawadi ya mwaka 1949. Chombo hakina njia ya kusema haya. Jiwe lingeweza kuongezewa ubao wa maelezo. Ngoma ingeongezewa ubeti. Gari moshi la gwaride lina kengele tu, na kengele hulia namna moja kwa furaha na kwa msiba. Lau wanachama wa leo wangetaka kuipa kazi yao uzito mpya bila kuua mzaha wake, mahali pa kuanzia ni ubavuni mwa behewa, si kwenye dohani.

Warithi wa mzaha

Frank Buckles, wa mwisho miongoni mwa Wamarekani waliotumikia jeshi katika vita vile, alifariki tarehe 27 Februari 2011 akiwa na umri wa miaka 110. Tangu hapo hapana hata mmoja aliye hai anayeweza kusema kuwa alibanwa ndani ya behewa mwaka 1918. Askari wa vita vya pili waliosafiri kwa mabehewa yale yale mwaka 1944 na 1945 nao wamebaki wachache mno. Wanaoendesha gari moshi la gwaride sasa ni watu wa Vietnam, wa Ghuba, wa Iraq na Afghanistan. Walikwenda vitani kwa ndege.

Je, chombo kimekufa? Kwa mtu anayetaka sanaa iwe ushahidi wa macho, kimekufa. Lakini hukumu hiyo ikikubaliwa, utenzi nao umekufa, kwani anayeghani habari za vita vya kale hakuwapo. Uhai wa fani hautegemei kuwa mwigizaji aliyaona mambo. Hutegemea kuwa mambo yenyewe bado yana maana kwake. Mtu aliyerudi kutoka Vietnam akakuta nchi yake haitaki kumtazama anaelewa vizuri maana ya kuwa shehena. Hakuhitaji kupanda behewa. Kwake, kushika usukani wa chombo kilichoundwa na babu yake ni kudai nafasi katika mlolongo wa waliotumwa, na mlolongo huo haujakatika.

Tena, si haki kuupima mzaha huu kwa kelele zake peke yake. Jumuiya iligharimia mafunzo ya wauguzi na misaada ya watoto. Kwa wapenzi wa maandishi lipo jambo moja la kukumbukwa: ililisaidia gazeti la The Star, lililotungwa na kuchapwa na wagonjwa wa ukoma wa hospitali ya Carville, Louisiana, watu ambao jamii iliwafungia mbali na kuwanyima hata jina. Hapo waliokuwa behewani walimtambua mwenzao aliyefungiwa. Ni kitendo kinachofaa kusomwa pamoja na kile kipengele cha katiba, si badala yake. Watu wale wale walifungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Mpagazi hana gari

Vita vilivyowapa Wamarekani behewa vilifika pia katika bahari hii. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, na baadhi ya mabaharia waliokufa wamelazwa katika kisiwa cha Chapwani. Bara, vita viliendelea hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Viliendeshwa kwa mgongo wa binadamu. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda kichwani mwa mtu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, yanakaribia au kupita 100,000.

Wamarekani 40 walikuwa ndani ya behewa. Mpagazi alikuwa behewa lenyewe. Hapana karani aliyemwandikia ubavuni idadi ya vitu vinavyomtosha. Kwa jiwe, amepata kidogo: katika sanamu ya Nairobi yumo miongoni mwa watu watatu waliosimama pamoja, na katika ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, juu kabisa amesimama askari peke yake. Kwa mwendo na sauti, alipata beni, lakini beni iliiga cheo cha askari, haikuiga mzigo. Kilichobaki cha mpagazi ni neno. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya jina la kikosi chake. Watu hununua nyanya na vitenge katika jina hilo kila siku bila kujua kuwa wamesimama juu ya kumbukumbu.

Hapo ndipo gari moshi la bandia, pamoja na kasoro zake zote, linapotoa changamoto kwa ushairi wa pwani. Wenye chombo hicho walichukua tarakimu mbili za karani, wakazifanya jina, wimbo na gwaride, na kwa miaka zaidi ya 100 hazijasahauliwa. Walikosea walipohesabu rangi za wasafiri. Hawakukosea walipoona kuwa neno la karani, likishikwa na aliyehesabiwa, huacha kuwa la karani. Kariakoo lilikuwa neno la karani vilevile. Washairi wa Unguja, Mombasa na Lamu, wenye bahari za utenzi zilizobeba vita vya karne nyingi, wana deni kwa mtu huyu asiye na gari. Utenzi wake utakapotungwa, na uwe na mizani kwa maana zote mbili: uhesabu silabi, na uupime mzigo.